Kogo Taprandich na Swali la Sita

Mmeniomba, nyinyi wakalimani vijana wa mahakama ya Kericho, niandike machache kabla sijayasahau. Mmoja wenu alitaka nieleze nilivyopanda vyeo. Nilipanda polepole kama watu wengine, na hapo hakuna la kujifunza. Nitawaandikia juu ya kazi yenyewe, ile ya kusimama katikati ya watu wasioelewana na kuhakikisha kwamba wakigombana, wanagombania mambo yao na siyo maneno yangu. Pia nitawaeleza kosa nililofanya siku moja katika chumba kile kile mnachokalia sasa, kosa ambalo nusura limtoe mama mmoja nyumbani kwake huko India. Mimi India sijafika. Hata Mombasa nimefika mara mbili tu, na mara ya pili nilikuwa mgonjwa.

Niliripoti mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimevaa sketi mpya iliyonibana na viatu vya kuazima kwa dada yangu. Nilidhani nitaonyeshwa ofisi. Nilionyeshwa stuli, tena yenye mguu mmoja mfupi, kando ya meza ya Mzee Ouma. Huyu alikuwa karani mkubwa na mkalimani wa miaka mingi. Baba yake alitoka upande wa ziwa kuja kuchuma majani chai, na yeye akazaliwa hapa hapa kwenye nyumba za wafanyakazi. Kwa hiyo alisema Kijaluo cha mama yake, Kipsigis cha watoto aliocheza nao, Kiswahili, Kiingereza, na Kigujarati kidogo cha dukani ambacho, kwa maneno yake mwenyewe, kilimtosha kuomba bei ipunguzwe na kuelewa akitukanwa.

Siku hiyo ya kwanza alinipa daftari, penseli mbili na Biblia iliyopoteza jalada la nyuma. Nikauliza kwa nini penseli na siyo kalamu. Akasema kalamu huisha wino shahidi anapoanza kulia, yeye ameona kwa macho yake. Kisha akanipa sheria yake, na hiyo ndiyo shule yote niliyosoma ya ukalimani.

"Nyathina," alisema. Ndivyo alivyoniita mpaka anastaafu, mtoto wangu kwa lugha ya kwao. "Sema kilichosemwa. Kisichosemwa, sema hakikusemwa. Basi. Ukiongeza chumvi yako, umeharibu chakula cha watu."

Nikaitikia. Niliona ni kazi rahisi kweli.

Mengine nilijifunza kwa kuaibika. Nilijifunza kwamba Kericho mvua ya alasiri ikianza kupiga mabati, kesi inasimama, hata awe anajitetea nani, kwa sababu hakuna sauti ya binadamu inayoshindana na mabati yale. Nilijifunza kutomtazama mshtakiwa machoni anapodanganya, maana nilikuwa nikitabasamu. Na nilijifunza kuogopa kuchekwa, jambo ambalo halikuwa somo la kujifunza.

Hilo lilitokana na kesi ya mzee mmoja wa kule Mulot aliyeibiwa ng'ombe. Hakimu wa wakati huo alimuuliza wameibiwa wangapi. Mzee akaanza: yule mwekundu mwenye pembe iliyopinda, yule mweusi aliyezaa wakati wa njaa, yule wa madoa aliyetoka kwa shemeji yake. Hakimu akamkatiza, anataka idadi. Mzee akaanza upya na yule mwekundu. Nyinyi mliozaliwa Kipsigis mnajua, au nyanya zenu wanajua: wazee wetu hawahesabu ng'ombe wala watoto. Ukihesabu, umekiita kifo kije kipunguze. Nilijua hilo tangu nikiwa mgongoni mwa mama. Nikasimama kulieleza, na mawakili vijana waliotoka Nairobi wakavunjika mbavu. Hakimu akasema, "Madam Grace, hapa ni mahakamani, siyo kwa mganga," kisha akaandika "ng'ombe kadhaa". Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Niliapa kwamba sitaeleza tena mambo ya nyumbani mbele ya watu wenye tai.

Miaka mitatu au minne baadaye ikaja ile bahasha ya India.

Ilifika na utepe mwekundu na mihuri mingi, imepita wizara mbili kule kwao na mbili huku kwetu, na kila moja ilikuwa imeipiga muhuri kana kwamba inaogopa kuachwa nyuma. Hakimu wetu sasa alikuwa mwingine, mtu mkimya, mkali, aliyekunywa maji ya moto bila majani huku amezungukwa na chai kila upande. Alituita mimi na Mzee Ouma akatueleza. Mahakama ya mji mmoja wa magharibi mwa India ilitaka ushahidi wa mtu aliye hapa karibu, Sosiot. Nami nikauliza, kwa ujinga wangu, kwa nini wasimwandikie tu barua.

"Kwa sababu mahakama ya nchi moja haiwezi kuingia boma la nchi nyingine na kuanza kuhoji watu," alisema. "Lazima ibishe hodi. Hii barua ni hodi. Sisi tutauliza maswali yao kama walivyoyaandika, tutaandika majibu kama yalivyotoka, tufunge, turudishe. Hatuongezi swali, hatupunguzi jibu."

Mzee Ouma alinitazama kama mtu aliyesikia sheria yake ikisomwa kanisani.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Zamani, kabla ya Uhuru, Mhindi mmoja alikuwa na duka Sosiot. Aliishi nyuma ya duka na mke wake, na watoto walizaliwa humo humo chumbani bila daktari wala cheti. Baadaye familia ikarudi India. Wazazi wakafa, na watoto wote wakafa isipokuwa binti mmoja aitwaye Kusum, ambaye sasa alikuwa mjane na aliishi katika nyumba ya baba yake. Binamu zake wakaenda kortini kusema kwamba Kusum hakuzaliwa na mwenye duka, ni mtoto aliyeokotwa Afrika, hivyo atoke katika nyumba ile. Hakuwa na karatasi hata moja. Alichokuwa nacho ni jina la mtu mmoja aliyekuwepo alipozaliwa, yaya wao. Jina hilo lilikuwa Taprandich.

Tulimpata mimi na mpeleka samansi kwenye kituo cha kuuzia majani, amekaa juu ya gunia tupu akingoja mizani. Alikuwa mfupi, masikio yametobolewa kwa mtindo wa zamani na ndewe zimekunjwa juu ya sikio. Nikamwamkia Chamgei, akaitikia, kisha akaona karatasi mkononi mwa mwenzangu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna, Kogo," nikasema, maana bibi wa umri ule kwetu ni Kogo wa kila mtu. "Ni mambo ya watoto wa duka. Kuna mmoja India, Kusum. Anataka useme unachokijua."

Kogo aliweka mkono mdomoni. "Chepngetich ako hai?" akauliza, akimwita Kusum kwa jina la kwetu. Halafu uso wake ukabadilika, akauliza kwa sauti ndogo, "Amenishtaki?"

Nilicheka. Nikamwambia hakuna aliyemshtaki mtu, aje tu aseme kweli. Yeye hakucheka. Aliuliza kama lazima aape, nikasema lazima, akaenda kupimisha majani yake.

Siku ya kusikilizwa alikuja na kijana wake wa mwisho, amevaa kitambaa cheupe kichwani na koti la kiume. Chumbani walikuwemo hakimu, Mzee Ouma kwenye taipureta, wakili wa kusimama kwa niaba ya Kusum, na wakili wa binamu, kijana nadhifu mwenye kalamu ya dhahabu. Maswali yalikuwa ishirini na nne. Matano ya kwanza yalikwenda vizuri. Jina lake, aliishi wapi, alifanya kazi kwa nani, miaka gani. Miaka aliitaja kwa vita, nzige na njaa, hakimu akaandika vita, nzige na njaa.

Swali la sita lilisema: mke wa mwenye duka alizaa watoto wangapi katika nyumba ile? Na chini yake kulikuwa na maelekezo, ambayo hakimu alikuwa ametusomea asubuhi: iwapo shahidi hajui jibu la swali hili, yaliyobaki yasiulizwe.

Nikalitafsiri kama lilivyo. Wangapi.

Kogo alinyamaza. Hakumtazama hakimu, alinitazama mimi. Nilijua anachoniambia kwa macho yale. Wewe ni mtoto wa kwetu, unaniulizaje hivyo? Nilijua kabisa. Lakini nikaiona kalamu ya dhahabu, nikasikia kicheko cha mawakili wa ile kesi ya ng'ombe. Hakimu akasema, "Madam Grace, anasemaje?"

"Hakumbuki, Mheshimiwa," nikasema.

Taipureta ikagonga. Wakili wa binamu akafunika kalamu yake, akaomba kikao kifungwe kwa mujibu wa maelekezo. Wakili wa Kusum alisimama, akayasoma maelekezo tena, akakaa. Hakimu alikuwa anatafuta muhuri wakati mvua ilipoanguka juu ya mabati kwa nguvu zake zote. Akatuonyesha kwa mkono kwamba tutoke, tutarudi kutia sahihi ikinyamaza. Mpaka leo mvua ya Kericho ikininyeshea nguo kwenye kamba, sinung'uniki.

Mzee Ouma alinikuta jikoni nyuma ya masjala nikijimiminia chai niliyoshindwa kunywa.

"Nyathina, mimi masikio yangu bado mazima," alisema. "Yule mama hakusema neno. Hilo 'hakumbuki' lilitoka kwa nani?"

Nikaanza kujitetea. Nikamkumbusha ng'ombe wa Mulot, jinsi nilivyochekwa, jinsi watu wanavyotuona washamba.

"Kwa hiyo ili usichekwe dakika moja, mama wa watu alale nje?" Sauti yake haikupanda, na hilo liliniuma zaidi. "Mimi ni Mjaluo, na hata mimi najua hamhesabu watoto. Mama mmoja wa kwenu pale gate ya estate alinifukuza na ufagio nikiwa mdogo kwa kuhesabu vifaranga vyake! Umesema uongo mbele ya nchi mbili. Nenda kwa Mheshimiwa kabla mvua haijaisha."

"Nitafukuzwa kazi."

"Labda," akasema, akachukua kikombe changu akanywa ile chai. "Nenda."

Nilikwenda roho mkononi. Ofisini kwa hakimu ilibidi nipige kelele kwa sababu ya mabati, kwa hiyo nilikiri kosa langu kwa sauti ya muuza samaki. Nikamwambia shahidi hakusema hakumbuki. Huyo mama alinyamaza tu. Na nikamwambia kwa nini alinyamaza, yote, pamoja na kifo kinachokuja kupunguza. Hakimu alisikiliza huku akipuliza maji yake ya moto.

"Na kwa nini hukusema hivyo mle ndani?"

"Niliona haya, Mheshimiwa."

Aliweka kikombe chini. "Haya yako imemgharimu shahidi maswali kumi na nane. Tutarudi ndani, na utasema kosa lako mwenyewe, kwa mdomo wako, na litaandikwa."

Liliandikwa. Mkichimba faili za zamani mtalikuta, na jina langu kamili. Wakili wa binamu alipinga, akasema mkalimani anabadilisha ushahidi baada ya kunywa chai. Hakimu akamjibu kwamba jibu la sita linasomeka sasa, "Shahidi amenyamaza," na kunyamaza si kutojua, kwa hiyo swali bado liko wazi na litaulizwa tena kama lilivyoandikwa.

Nikamgeukia Kogo. Nikauliza tena, wangapi, kwa maana sikuruhusiwa kubadilisha. Ila kabla ya kuuliza nilimwomba hakimu ruhusa ya kumwambia shahidi jambo moja, akakubali, na jambo lenyewe likaandikwa pia: anaweza kujibu kwa namna yoyote anayojua yeye.

Kogo akashusha pumzi. "Wewe ni binti ya nani?" akaniuliza. "Nani alikulea hivi?"

Ilinibidi nitafsiri. Hata hakimu alijikohoza.

Kisha Kogo akaweka mikono magotini akaanza. "Kuna niliyemwita Kipkoech," alisema, "alitoka alfajiri, baba yake akagawa sukari kwa kila aliyepita. Kuna Kiprotich, alikuja ng'ombe wakirudi nyumbani, huyu alikuwa na kichwa kikubwa, mama aliteseka. Kuna Chepkirui wa usiku. Surua ilimchukua hata hajatembea, na mama yake alikaa bila kula mpaka mimi nikamlisha kwa mkono. Na kuna Chepngetich, yule aliyekuja asubuhi ng'ombe wakienda malishoni. Ndiye wanayemwita Kusum. Niliupokea kichwa chake kwa mikono hii, kwa sababu mkunga alichelewa kuvuka mto."

"Mheshimiwa," akasema wakili wa binamu, "hiyo siyo idadi."

"Swali limeulizwa na jibu limetolewa," hakimu akasema. "Mahakama iliyouliza ina vidole vyake. Ihesabu."

Mtaona hata mimi hapa sijawatajia walikuwa wangapi.

Maswali yaliyobaki yakamwagika. Rangi ya mlango wa duka, mahali kilipokuwa kitanda, nyimbo mama alizoimba. Kogo aliujua kila msumari. Tukafika la ishirini na nne, lile la mwisho ambalo huwekwa kwa desturi na ambalo mashahidi wengi hulijibu hapana: je, kuna jambo jingine lolote analojua shahidi ambalo linaweza kusaidia upande wowote?

Kogo akasema, "Liko."

Akaanza kulia. Penseli yangu ilikuwa tayari.

"Mkono wa kushoto wa Chepngetich, juu ya kiwiko, kuna kovu," alisema. "Ni la chai. Nilikuwa nimeweka birika chini, karibu na mlango, nikageuka kuongea na mtu. Mtoto akalivuta. Mama yake alipokuja nilisema mtoto aliliangukia mwenyewe akiwa anakimbia, nikiwa nimemkataza. Nilidanganya. Niliogopa kufukuzwa. Walipoondoka kwenda kwao sikumwambia. Mwandikie kwamba ni mimi. Mwandikie anisamehe."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliuliza kama ameshtakiwa. Na sauti yangu ilikatika katikati ya tafsiri, jambo ambalo mkalimani hatakiwi kulifanya, nami nalitaja ili mjue hutokea. Wakili wa Kusum alikuwa anaandika haraka haraka. Yule wa binamu alikuwa ameacha kuandika. Hakimu alisema tuandike jibu lote, pamoja na kuomba msamaha, kwa sababu hatupunguzi. Kwa hiyo ule msamaha ukapigwa taipu, ukafungwa kwa utepe, ukapita wizara nne.

Zaidi ya mwaka ulipita. Kisha ikaja nakala ya hukumu, ikiwa na barua ndani iliyoandikwa kwa mkono, kwa Kiingereza. Hukumu ilisema nyumba ni ya Kusum. Jaji wa huko alimwomba mama huyo afunue mkono wake mahakamani, na kovu lilikuwepo, ingawa hakuna karatasi yoyote ya kesi iliyowahi kulitaja kabla ya ile yetu ya Kericho. Na juu ya swali la sita aliandika mstari mmoja, kwamba nyanya yake mwenyewe pia hakukubali kuwahesabu watoto wa nyumba yake. Mzee Ouma alinisomea mstari ule mara tatu. Alikuwa amebakiza wiki chache astaafu, na nadhani aliuchukua kama zawadi yake.

Hakimu akanipa ile barua, akaniambia hii si kazi ya mahakama, nikiwa na nafasi nipite Sosiot. Nilikwenda siku hiyo hiyo. Nilimkuta Kogo mbele ya nyumba akiosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akanikaribisha, akanimiminia, akaniuliza kwanza kama nimejifunza adabu. Nikasema najifunza. Nikamwambia Chepngetich ameshinda, nyumba ni yake.

"Na lile jingine?" akauliza.

Nikafungua barua. Nilitafsiri neno kwa neno, sikuongeza, sikupunguza. Kusum aliandika kwamba bado anakumbuka harufu ya ile chai. Aliandika kwamba watu walimcheka utotoni kwa jina la ajabu ambalo mama yake alimwita nyumbani, Chepngetich, na kwamba hakujua maana yake mpaka aliposomewa ushahidi kortini. Kisha aliandika hivi:

"Mama yangu alijua. Alikuwa dirishani, aliona birika, aliona yote. Aliniambia nilipokuwa mkubwa. Nikamuuliza kwa nini hakukufukuza. Akasema, kwa sababu siku ile yaya alilia kuliko wewe."

Kogo aliacha kuosha kibuyu. Alinyamaza, na mimi safari hii nilinyamaza naye. Ng'ombe wa jirani walikuwa wanarudi, wakapita wote njiani mbele yetu, mmoja mmoja, na hakuna kati yetu aliyewahesabu.

"Soma tena," akasema. "Anzia pale aliposema alikuwa dirishani."